Mhusika mwovu kwenye Baldur's Gate 3: muuaji, mvunja kiapo au mfufua maiti?

DaduMbili

Wakuu, heshima kwenu.

Gemu ya Baldur's Gate 3 nimeimaliza mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa mtu mwema mpaka nikajichosha mwenyewe. Naokoa watoto, narudisha vitu vya watu, nikipewa dhahabu nakataa: hapana mama, kaa nayo tu. Safari hii nataka kuwa mbaya. Sisemi mkorofi wa kutukana wauza duka. Nataka ubaya wa kweli, kuanzia kwenye ile meli iliyoanguka hadi juu ya ule ubongo mkubwa, adui wa mwisho. Tangu sasisho la 7, lile la Septemba 2024, waovu wameongezewa miisho yao, kwa hiyo angalau mwendo wote una malipo.

Nimechuja nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni kumchukua Dark Urge, yule asiyekumbuka alikotoka ila damu inamwita, nimjenge kama muuaji wa kuvizia. Ya pili ni paladini Oathbreaker, aliyevunja kiapo chake. Ya tatu ni mchawi wa maiti, natembea na mifupa yangu nyuma kama harusi.

Nacheza ugumu wa kati. Ugumu wa Honour siitaki, maana sevu moja na umeme wa mtaani kwetu haviivi chungu kimoja. Siri za hadithi zitamwagika humu, ambaye hajacheza apite kimya kimya.

Mnishauri.

---

mzee_wa_levo12

Dadu, hujambo. Swali lako watu wengi wanalijibu kwa hesabu za madhara: nani anapiga pigo kubwa, nani ana zamu nyingi. Hizo hesabu kwa mwovu zinakuja nyuma. Mimi nimepita njia ya uovu mara tatu, na kitu kinachoumiza si ugumu wa mapigano. Ni upweke.

Chukua lile Shamba la Zumaridi, Emerald Grove, la druidi. Ukimwambia Minthara, kamanda wa goblini, lilipo, kisha ukasimama upande wake siku ya kulivamia, hebu hesabu unachokizika. Wyll, mwenzako wa safari, anaondoka. Karlach, kama ulikuwa umeshamchukua, anaondoka. Halsin humpati tena. Zevlor na tiefling wake, wale wakimbizi wenye pembe, hawafiki sehemu ya pili, kwa hiyo Dammon mhunzi hayupo, na ukifika nyumba ya wageni ya Last Light unakuta viti vitupu. Alfira hayupo, na lile vazi lake la Potent Robe, ambalo warloki wanaligombania kwa sababu linaongeza mvuto wako kwenye madhara ya uchawi mdogo, halipo. Unapewa nini? Usiku mmoja wa sherehe na goblini, divai mbovu, na Minthara. Minthara ni mzuri, sikatai. Lakini ni mtu mmoja.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: katika hizo tatu, ipi inavumilia dunia ikiwa tupu?

Dark Urge anavumilia, kwa sababu yeye ndiye pekee ambaye gemu imemwandalia fidia. Usiku mmoja mapema kabisa atakuja mgeni kambini. Hataamka. Baada ya hapo anatokea mtumishi wako, Sceleritas Fel, kijitu cha adabu za kuchefua, anakupa joho, Deathstalker Mantle: ukiua adui unapotea machoni kwa zamu mbili, mara moja kila zamu. Kwa muuaji wa kuvizia joho hilo ni kila kitu. Levo 3 ya Rogue upande wa Assassin, adui aliyeshtukizwa akipigwa ni kriti moja kwa moja, yaani pigo lenye dadu maradufu. Unaua, unapotea, unasogea, unaua. Wengi wanachanganya na Ranger wa Gloom Stalker hadi levo 5 ili wapate shambulio la pili, ndipo wanarudi kwenye Assassin. Levo zote ni 12, zinatosha.

Halafu kuna sehemu ya tatu. Mahakama ya wauaji, Sarevok kakaa kitini, anataka umuue mpelelezi Valeria mbele yake. Valeria ni kijitembo chenye mabawa. Narudia: kijitembo, cha kuruka, kinachopenda pombe. Ukikubali, unafunguliwa duka ambalo lina Bhaalist Armour, na adui wote walio mita mbili kutoka kwako wanapata madhara maradufu kwa kila kinachochoma: jambia, mkuki, mshale. Hakuna vazi kama hilo kwa mtu wa majambia. Na hakuna kitu nilichokifanya katika gemu hii kikanifanya nizime kompyuta nikalale kama kile.

---

Buda_wa_Rongai

Mzee amelia juu ya ndovu mdogo 😂 Sisi tulimuua huku tukila chapati.

---

Shangazi_Minthara

Nyie wanangu mnapenda kujificha kwenye majoho. Mwovu wa kweli huja mchana, kavaa chuma, mlango wa mbele.

DaduMbili, chukua Oathbreaker. Nakupa sababu kama mtu aliyecheza naye levo 1 hadi 12 bila kubadilisha.

Kwanza, kila kitu chake kinasimama juu ya Karisma, yaani mvuto. Ulimi wake na upanga wake vinakula sahani moja. Ukifika levo 7 unapata Aura of Hate: mvuto wako unaongezwa kwenye madhara ya kila pigo la karibu. Kwa hiyo ile alama uliyoipandisha ili kumdanganya mlinzi wa lango ndiyo hiyohiyo inayompasua mlinzi ukishindwa kumdanganya. Muuaji wa mzee pale juu ana wepesi wa mkono, lakini akifungua mdomo watu wanamshuku.

Pili, hutegemei duka wala fundi. Lile swali la upweke ni zuri, na jibu lake ni huyu: ana chuma, anajitibu kwa mkono wake, na nguvu za pigo la kuteketeza hazimwondoki hata kiapo kikivunjika. Hilo ndilo linalonichekesha kila mara. Miungu imekasirika, moto bado unawaka.

Tatu, kumpata kwenyewe ni hadithi. Huwezi kumchagua mwanzoni. Unaanza na kiapo kizima, Devotion, Ancients, Vengeance au Crown, halafu unakivunja kwa matendo. Devotion ndicho chepesi kuvunjika, ukimgusa tu asiye na hatia kimekwenda. Usiku anakuja kambini mtu mrefu ndani ya chuma cheusi, Oathbreaker Knight. Mimi nilitarajia shetani. Nikakuta mtu mwenye huzuni na heshima, anaongea kama mjomba aliyepoteza shamba lake kwa kosa lake mwenyewe. Anakupa njia mbili: ulipie kwake dhahabu urudishiwe kiapo, au ushike mkondo mpya. Watoto wangu wawili walikuwa nyuma yangu kwenye kochi siku hiyo, yule mdogo akauliza, "Mama, sasa wewe ni mbaya?" Nikamwambia subiri nisome vizuri.

Na Control Undead, levo 3: maiti anayetembea aliyekuja kukuua anakuwa wako.

Ila usimjenge kwa Nguvu peke yake ukaiacha Karisma kwenye 12 kama ninavyoona watu wanafanya. Hapo umepata askari mwenye jina baya tu.

---

fundiwamaiti

Shangazi amenipa nafasi. Huyo maiti mmoja wa Control Undead ni sampuli. Mimi nauza jumla.

Levo 5 unapata Animate Dead. Unahitaji mwili, unachagua zombi au mifupa yenye upinde. Chukua mifupa. Zombi anafika vitani mapigano yakiwa yamekwisha. Levo 6, ukiwa umechagua shule ya Necromancy, kila mara unapofufua unapata maiti mmoja wa ziada, wana damu zaidi na wanapiga kwa nguvu zaidi. Wanakaa hadi mapumziko marefu. Kwa hiyo asubuhi unatumia nafasi zako za uchawi, unatembea na kikosi mchana kutwa, na mkono wako bado una moto wa kurusha.

Mzee kauliza habari ya upweke. Mwenzenu sijawahi kuwa mpweke. Wyll kaondoka, mimi nina sita.

Na uovu wa huyu ni wa utulivu. Huui kwa hasira. Kuna kitabu kiko chini ya duka la mganga kwenye kile kijiji kilichohamwa, Necromancy of Thay, kimefungwa na hakifunguki bila ametisti nyeusi iliyoko kwenye shimo la buibui. Kila ukurasa unakupima roho. Ukivumilia hadi mwisho unapata uwezo wa kusema na wafu. Astarion, mwenzako vampaya, atakuomba umpe, mwambie angoje. Kitabu hicho kina uendelezo mjini, ukipata maandishi ya kukielewa, unaita kundi la mazimwi ya makaburini kwa mkupuo mmoja.

Ila kuna jambo moja dogo watengenezaji wamelifikiria hadi nikawavulia kofia. Maiti uliyemuua wewe hataki kusema nawe. Anakutambua. Unamfufua koo, anakutazama, ananyamaza. Inabidi ujigeuze sura kwa uchawi, Disguise Self, ndipo aongee. Nilifanya hivyo kwa druidi mmoja. Nimekaa mbele ya mtu niliyemuua, nimevaa uso wa mwingine, namuuliza ufunguo uko wapi. Hapo nikajua huyu ndiye mwovu wangu.

Ubaya wake: kila pigano linachukua muda. Mifupa sita, kila mmoja na zamu yake, kila mmoja anakwama kwenye ngazi. Chai inapoa.

---

Buda_wa_Rongai

Wazee na shangazi, wote mmepotea njia. Bardi, mwanamuziki wa maneno matamu.

Nasikia kicheko. Ngojeni. Mwovu mkubwa hashiki kisu. Sehemu ya pili wako watu watatu wa ukoo wa Thorm: yule mama wa dhahabu kwenye nyumba ya ushuru, yule mlevi wa kiwandani, na yule daktari mwenye wauguzi vipofu. Wote watatu unaweza kuwamaliza kwa maneno. Mlevi unakunywa naye, unamhadithia, hadi tumbo linampasuka. Daktari unamgeuzia wauguzi wake kwa maneno. Wanamgeukia na makasi.

Halafu Yurgir, lile jitu la kuzimu kwenye hekalu la Shar, lenye mkataba. Unamshawishi awaue askari wake mwenyewe. Kisha amuue yule mnyama wake anayempenda. Kisha ajiue. Hujachomoa silaha. Umesimama tu na gitaa.

Hiyo ndiyo roho mbaya, si kukimbizana na tiefling msituni.

---

mzee_wa_levo12

Yurgir nakubali. Lakini kumbuka hapo bado unarusha dadu, na kila ombi ni gumu kuliko lililotangulia. Ukikosa la tatu, amebaki yeye, nawe una gitaa.

---

Mto_Ruzizi

Wapendwa, nimesoma yote. Naomba niulize kitu tofauti kidogo.

Mimi njia hiyo ya uovu nimeijaribu mara mbili na mara zote nimeishia langoni. Unajua pale: Minthara na goblini wako nje, wewe uko juu ya ukuta na pembe ya vita iko mbele yako, au unashuka kufungua lango. Nikasimama pale nikaangalia chini. Wale tiefling walifukuzwa Elturel. Wamebeba magodoro. Kuna mwanamke anapika kwenye sufuria moja watu wengi, kuna watoto, Mol anawafundisha kuiba ili wale. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Sufuria ile naijua. Mkono ulikataa kubofya.

Sisemi wanaobofya ni watu wabaya, ni gemu. Nauliza tu: kuna namna ya kuwa mwovu mle ndani bila kupita kwenye lango lile? Au nikubali mimi ni mtu wa kuokoa paka?

---

Shangazi_Minthara

Mto, pole na karibu. Ipo, na mimi mwenyewe mara ya pili ndiyo niliyoitumia.

Usimwambie Minthara kitu. Pigana naye kwenye kambi ya goblini, lakini kabla ya pigo la mwisho washa ile alama ya kutoua, kisha umpige kwa silaha ya mkononi. Mshale na uchawi havihesabiki, vitamuua. Ataanguka bila kufa. Mwache hapo hapo, wala usimvue viatu. Mkifika minara ya Moonrise utamkuta amesimamishwa mbele ya Ketheric, bwana wa minara hiyo, anahukumiwa kwa kushindwa. Hapo unamwokoa, anakuwa wako, na shamba lipo, na Halsin yupo, na Karlach hajaondoka.

Miezi ya mwanzo jambo hili lilikuwa la kuhangaika na hitilafu. Masasisho yamelifanya njia halali.

---

fundiwamaiti

Shangazi, huo si uovu. Huo ni wema wenye hasira.

---

Shangazi_Minthara

Fundi, wewe unataka uovu wa kuhesabu maiti. Nikuulize, katika wale maadui wawili wakubwa wa sehemu ya tatu, nani anakutisha? Orin anayechuna ngozi na kujipaka damu, au Gortash? Gortash anakupokea vizuri. Anakuita mshirika. Anatawazwa mbele ya watu, makofi yanapigwa, walinzi wake wa chuma wako kila kona ya mji wanasalimia raia. Hajamvamia mtu shambani. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu kavaa nguo nzuri.

Mtu anaweza kuliacha shamba lile salama kwa sababu wale watu watamfaa baadaye. Hiyo nayo ni hesabu ya mwovu. Tena inalipa: maduka yote yako wazi, watu wote wanakuamini, na sehemu ya tatu unawauza wote pamoja.

---

mzee_wa_levo12

Hapa nakaa upande wa Shangazi, japo nilianza kwa kutetea visu. Waliocheza wema wanadhani njia ya uovu ni wema uliogeuzwa nje ndani. Sivyo ilivyoandikwa. Ukiua mapema, mazungumzo yanapungua, kazi zinapungua, mji unanyamaza. Mwovu anayetabasamu anayaona yote mwema anayoyaona, kisha anaongeza na yake. Mfano Astarion: usipomzuia kwenye ile ibada ya bwana wake Cazador, anapanda kuwa vampaya mkuu kwa roho zipatazo 7,000 zilizofungiwa chini ya lile jumba. Pigo lake linaongezeka madhara kila mara. Umefanya jambo kubwa la kutisha kuliko shamba lote lile, na ulichofanya ni kumwambia rafiki yako, endelea. Shadowheart, mwenzako kasisi wa Shar, vivyo hivyo, ule mkuki na mfungwa Nightsong. Unakaa kimya, anachoma.

Mto, huo ndio mlango wako. Shamba liache.

---

Mto_Ruzizi

Asante mzee, asante dada. Hao wa 7,000 sitawatazama usoni, nitajitahidi 😅

---

RAM4_inatosha

Nyote mna bahati. Gemu ni gigabaiti 150, bando langu la mwezi lingekwisha kabla hata Lae'zel, mwenzenu wa mwanzo, hajashuka kwenye kile kizimba. Kadi ya picha ya chini wanayoitaka ni GTX 970, mimi laptop yangu ikifungua picha kumi za harusi inapiga kelele.

Kwa walio kama mimi: Baldur's Gate II, ile ya mwaka 2000, toleo lililofanyiwa ukarabati linacheza hadi kwenye simu ya Android. Na uovu wake una nidhamu ambayo hii mpya haina. Kuna alama ya sifa, kutoka 1 hadi 20. Ukiwa na sifa nzuri sana, wenzako waovu wananung'unika, mwisho wanakuacha. Ukiwa na sifa mbaya, wema wanakuacha na maduka yanapandisha bei. Kwa hiyo kazi yako ni kukaa katikati, mwovu anayelipa sadaka hekaluni ili mkate usipande bei.

Kikosi: Korgan, mbilikimo wa shoka, yuko Copper Coronet. Viconia unamkuta amefungwa wamchome moto mbele ya ofisi za serikali, unaamua. Edwin, mchawi mwenye kiburi kuliko wote, yuko upande wa bandarini, na kile kitabu anachokitafuta muacheni akisome, msimzuie, mtanishukuru.

Na ile sehemu ya kuchagua nani akusaidie kuvuka: wezi wanataka dhahabu 20,000, Bodhi vampaya anataka 15,000. Uovu kwa bei ya punguzo.

---

Buda_wa_Rongai

RAM4 umeua. "Uovu kwa bei ya punguzo" naweka kwenye wasifu wangu.

---

fundiwamaiti

Kwa wenye kompyuta ya kati, msisahau Pathfinder: Wrath of the Righteous, 2021. Pale mwovu si rangi ya mazungumzo tu, unageuka kitu. Njia ya Lich unakufa na kuamka, uchawi wako unaungana na daftari la mchawi wako wa kawaida, na watu waliokufa unawafufua wakutumikie. Naishia hapa maana nitaandika hadi asubuhi.

---

DaduMbili

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nacheza.

Nimechanganya ushauri. Nimemchukua Dark Urge, kwa sababu ya joho na yule mtumishi, lakini nimemfanya paladini, Devotion. Kiapo kilikufa mapema sana: wale tiefling wawili waliomnasa Lae'zel kwenye kizimba, nikawapiga badala ya kuongea. Nilipolala akaja yule mtu wa chuma cheusi. Shangazi hukusema uongo, nilimwonea huruma. Nikachagua mkondo mpya.

Sasa ule usiku wa mgeni.

Mchana wake nilikuwa nimemkuta Alfira juu ya jabali, na kinanda chake, ameshindwa kumaliza wimbo wa mwalimu wake aliyekufa. Nikamsaidia. Nikapiga naye. Raundi mbili zilizopita nilishamsaidia, vidole vilikwenda vyenyewe. Wimbo ukatoka mzuri. Usiku akaja kambini na mkoba wake, anaomba tusafiri pamoja, kafurahi. Nikamkubali, huku najua.

Nikaamka mikono yangu ni myekundu hadi kwenye kiwiko. Yuko pale chini. Kinanda kiko pembeni yake, hakijavunjika, ndicho kilichonimaliza. Wenzangu bado wamelala. Gemu inanipa nafasi ya kujisafisha kabla hawajaamka, na nilisimama nikisoma ule mstari kwa muda kama mtu anayesoma bei. Nikajisafisha. Asubuhi nikasema sijui lolote. Shadowheart akaniangalia.

Nasikia kuna watu wanamzimisha Alfira kwa ngumi kabla ya usiku huo ili asije, na anakuja mwingine badala yake, yule bardi wa ukoo wa dragoni. Nilijua hilo. Sikulifanya.

Shamba sikulivamia. Minthara nilimwangusha bila kumuua, kama Shangazi alivyoelekeza, na nilikaribia kumvua viatu. Kwa hiyo nimefika Last Light na nyumba imejaa. Jaheira kanikaribisha kwa divai yenye dawa ya kunifanya niseme kweli. Watoto wako mezani. Dammon yuko zizini anagonga chuma. Isobel yuko ghorofani, kanipa baraka ya mwezi, kanitakia heri.

Na jana usiku kijitu changu cha adabu kimekuja. Kinasema baba yangu Bhaal, mungu wa mauaji, anamtaka Isobel. Nikimuua napewa umbo la Slayer, lile zimwi la kuua. Najua ile kuba ya mwanga inashikiliwa na yeye peke yake. Akianguka, giza linaingia nyumba nzima.

Nimesevu kwenye ngazi. Levo 7, aura imewaka. Sijapanda.

---

mzee_wa_levo12

Usiharakishe. Baada ya kumkubali Alfira kambini hii ndiyo ya pili kwa uzito. Ukikataa, damu haikuachi, itakujia kambini usiku mwingine kwa mtu wa karibu yako zaidi.

---

Mto_Ruzizi

Dadu, shuka ngazi kaka.

---

Shangazi_Minthara

Panda.

---

Buda_wa_Rongai

Mko na bardi humo? Niulizieni tu.

---

fundiwamaiti

Kabla hujapanda pita zizini kwa Dammon, nunua kila kitu unachokihitaji. Ukishuka hatakuwepo wa kukuuzia.